Msaada: kitasa cha kujifunga chenyewe kwa geti dogo la bustani, nichukue kipi?

MkulimaWaUani
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Kigamboni. Nyuma ya nyumba nina kibustani cha mchicha, matembele, nyanya chungu na migomba minne. Kimezungushiwa ukuta wa tofali, kuna geti dogo la chuma linalotokea kichochoro cha nyuma. Upana wake sentimita 90, fremu ya skwea paipu ya inchi moja na nusu, chini shiti, juu nondo. Sasa hivi lina komeo la kawaida na kufuli.

Shida yangu kubwa si wezi, ni mbuzi. Jirani anao saba na wanazurura kutwa. Nyumba tunakaa kaya tatu, kila mtu anapita geti hilo: huyu anamwaga taka, yule anaanika nguo, watoto wanafuata mpira. Wa kulirudisha komeo hayupo. Juzi mbuzi wameingia mchana, narudi kazini tuta zima la mchicha limebaki vijiti. Nilikuwa nimening'iniza kibao cha boksi kimeandikwa FUNGA GETI. Na kibao wamekula.

Nataka kitasa ambacho mtu akishapita, geti linajifunga lenyewe nyuma yake. Jumamosi nimezunguka Gerezani pale Kariakoo: mmoja kanionyesha kitasa cha kubandika, mwingine cha namba za kubonyeza, wa tatu cha sumaku ya umeme, wa nne ananiambia "chukua chochote bosi, vyote vinajifunga". Nimerudi mikono mitupu. Wenye uzoefu karibuni.

MpitaNjia
Mkuu, mbuzi saba wanaokuja wenyewe mpaka kwako, halafu unatafuta kitasa? Tafuta mkaa.

MkulimaWaUani
Hahaha, mwenye mbuzi ni balozi wetu wa nyumba kumi. Niache nikae kwa amani.

FundiChuma
Ndugu, kabla hujatoa hela nenda getini sasa hivi. Lifungue nusu, uliachie, usiliguse. Kama linabaki pale pale, au linazidi kufunguka, kitasa chochote utakachonunua ni hela ya kutupa.

Nimechomelea mageti miaka mingi na kosa ni hili hili kila siku. Mteja anakuja na kitasa kizuri kwenye boksi, anataka nikifunge tu. Kitasa hakivuti geti! Kinasubiri geti lifike. Likifika, ulimi wake wenye mshazari unagonga chuma cha nguzo, unarudi ndani, halafu springi inausukuma utumbukie kwenye tundu. Lakini wa kulileta geti mpaka pale kwenye nguzo ni bawaba. Geti lisilojirudi, hata ukiliwekea kitasa cha benki, mbuzi wanaingia.

Za kulirudisha geti ziko njia kama tatu.

Ya kwanza haina gharama, ni kuzipinda bawaba kwa makusudi. Ya juu unaisogeza kuelekea upande wa kitasa kidogo kuliko ya chini, sentimita moja hivi, ili pini zake zisisimame wima. Geti linakuwa kama limeegemea upande wa kufunga, ukiliachia linarudi lenyewe kwa uzito. Wengi wanafurahia hapo wanasahau jambo moja: geti likikaribia kufika, nguvu ya uzito inakuwa imeisha. Linakuja vizuri, linakuja, halafu linaugusa ulimi wa kitasa na kusimama. Ukilitazama kwa mbali limefungwa. Mbuzi akilisukuma kwa pua, huyo ndani. Kama unatumia njia hii, pini zilaze na upande wa pili kidogo, ili geti litamani kupita hata pale nguzo inapolizuia. Hapo ndipo linagonga.

Ya pili ni springi. Zipo bawaba zenye springi ndani, na ipo springi ndefu ya kufunga mshazari kati ya nguzo na geti. Geti la sentimita 90 lenye shiti ni zito, usichukue springi za mlango wa wavu wa mbu.

Ya tatu ni ule mkono wenye oili wa milango ya maofisi. Ni mzuri kwa sababu una skrubu mbili: moja ya mwendo wa geti zima, nyingine ya ile hatua ya mwisho ya kugonga. Lakini mingi imetengenezwa kwa kukaa ndani. Ukiuweka juani na mvuani bila kofia ya bati utaanza kuvuja.

Ule mpira wa tairi ya baiskeli tunaofungia mageti ya vibanda siuhesabu. Jua la Dar linauchana kabla hujauzoea.

MkulimaWaUani
Nimetoka getini na tochi ya simu. Nimelifungua nusu, nimeliachia. Limefunguka lote hadi likagonga ukuta.

FundiChuma
Nilijua. Basi hata hilo komeo unawaonea wapangaji wenzako, geti lenyewe halitaki kufungwa.

MamaPacha
Naomba nimtahadharishe kaka yangu kabla hajafurahia neno "kujifunga".

Mimi nipo Tegeta. Mwaka juzi mume wangu aliweka kitasa cha aina hiyo kwenye geti la uani, nje kuna tundu la ufunguo tu, hakuna cha kuzungusha. Siku ya pili asubuhi nikatoka kumwaga majivu. Nimevaa kanga moja, miguu peku, ndoo mkononi. Nyuma yangu nikasikia *tak!* Nilisimama pale nikilitazama geti kama nimetukanwa. Maharage yako jikoni, pacha wamelala, simu iko ndani, baba yao kashaondoka. Ilibidi niazime ngazi kwa jirani na kupanda ukuta wa mtu mzima, na kanga yangu ile, bodaboda wote wa kijiweni wamesimama kushuhudia. Maharage yaliungua yote.

Kwa hiyo swali lako lisiwe "kipi kinajifunga", uliza pia "kikijifunga mimi niko nje bila ufunguo, naingiaje?" Sisi sasa ufunguo mmoja unakaa kwa mama mkwe, nyumba ya tatu. Si chini ya chungu cha maua wala juu ya nguzo, huko kila mwizi anaanzia.

MpitaNjia
Dada pole, ila hapo kwa bodaboda nimecheka mpaka nimepaliwa.

SautiYaNyali
Salaam kutoka Mombasa. Nyote hamjagusa kutu, na nyie Kigamboni ni pwani kama sie.

Hewa ya chumvi haina huruma na springi. Kitasa cha chuma kilichopakwa zinki kitang'aa miezi michache, kisha ulimi unaanza kuwa mzito, ukiingia hautoki. Siku hiyo kitasa chako cha kujifunga chageuka kitasa cha kujifungua, maana ulimi umekwama ndani na geti lacheza. Mimi yalinikuta na kitasa cha kung'ara kama dhahabu. Kumbe ndani ni madini laini ya kumimina, ile rangi ya dhahabu ni ganda tu.

Ukipata cha chuma cha pua, uliza namba. 304 yafaa mbali kidogo na maji. 316 ina molibdeni ndani yake na ndiyo inayovumilia chumvi zaidi, japo bei yake huuma. Silinda, ile sehemu ufunguo unapoingia, nayo iwe ya brasi. Na wakati wa kununua chukua sumaku ndogo: isishike mwili wa hicho unachoambiwa ni brasi. Ikishika, mwambie muuzaji asante na uondoke.

Tena tundu la ufunguo liwe na kifuniko. Mvua hupiga ubavuni.

UmemeMdogo
Dunia imeshaenda mbele wakuu. Weka sumaku ya umeme ya volti 12 na kadi za kugusisha, kila mpangaji kadi yake. Zile za kawaida zinashika kwa nguvu ya kilo 280, hakuna mbuzi wala binadamu wa kulisukuma. Geti likifika linanata lenyewe, hakuna ulimi wa kukwama wala springi ya kupata kutu.

FundiChuma
Na umeme ukikatika?

UmemeMdogo
Unaweka betri.

FundiChuma
Sumaku hiyo inakula karibu nusu ampea muda wote, usiku na mchana, hata kama hakuna anayepita. Betri ndogo ya ampea-saa 7 kwa hesabu ya karatasini inakupa saa 14, na ikianza kuzeeka hufiki huko. Ikiisha, geti liko wazi, maana sumaku bila umeme ni kipande cha chuma. Kwa mlango wa ofisi hiyo ni sifa, moto ukitokea watu wanatoka. Kwa mchicha wa jamaa ni msiba.

Kama ni lazima umeme, bora vile vitasa vya kubandika vya mageti vinavyofunguliwa kwa kitufe cha intakomu. Vile vinakula umeme sekunde ile tu ya kufungua, ulimi wenyewe ni wa chuma na springi, na vina tundu la ufunguo. Umeme usipokuwepo vinabaki vimefungwa na ufunguo unafungua. Lakini kupeleka waya mpaka nyuma ya bustani kwa ajili ya matembele, mimi sikushauri.

UmemeMdogo
Hapo kwa waya nakubali. Sumaku nimekosea kutouliza kama kuna umeme huko nyuma.

BabuKitasa
Vijana, hamjambo. Nimechonga funguo na kufungua vitasa vya watu tangu nikiwa kijana, sasa nimestaafu, macho hayataki tena.

Kitasa chenye ulimi wa mshazari ambao ukilibamiza geti tu kinafunga ni kitu cha siku nyingi. Na silinda yenye pini ndogo ndani, ambayo kila ufunguo bapa wenye meno unaitegemea, ilikamilishwa na Mmarekani Linus Yale mdogo, hataza zake ni za mwaka 1861 na 1865. Mpaka leo hivyo vitasa vya kubandika mlangoni watu wengi wanaviita "yale" hata kama kimeandikwa jina lingine.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wauzaji hawasemi. Ulimi wa mshazari unaoingia kwa kusukumwa, unatoka kwa kusukumwa vile vile. Mtu akipenyeza kisu, bati au kipande cha chupa ya plastiki kwenye mwanya kati ya geti na nguzo, akausukuma ule mshazari, kimefunguka. Haimchukui hata dakika. Nimefungua vingi hivyo, wenyewe wamesimama pembeni wanahesabu hela zangu na kununa.

Dawa yake ipo. Ukiwa dukani tazama kando ya ulimi: vipo vitasa vyenye kijiti kidogo cha pili, kimelala sambamba na ulimi. Bonyeza kijiti hicho kwa kidole, halafu jaribu kuusukuma ulimi. Ukigoma, hicho ndicho. Geti likifunga, ulimi unaingia kwenye tundu lakini kijiti kinabaki kimebonyezwa na bati la nguzo, na kikiwa kimebonyezwa ulimi haurudi bila ufunguo au kishikio cha ndani.

Lakini mafundi wetu, msinichukie, wanaharibu hapa. Anachukua grenda anakata tundu kubwa kwenye nguzo "ili lisisumbue". Kijiti nacho kinatumbukia humo pamoja na ulimi. Tayari, kitasa cha bei kubwa kimekuwa sawa na cha bei ndogo, na mwenye nyumba hajui mpaka siku ya siku.

FundiChuma
Shikamoo mzee. Umenigusa, nimewahi kukata hivyo. Tundu linatakiwa lipanuliwe juu na chini, kwa sababu geti likilegea linashuka milimita kadhaa na ulimi unaanza kugonga chuma. Upande wa kijiti usiguswe. Mimi sasa naacha nafasi kama sentimita moja juu na chini, upana naukata kwa kipimo cha ulimi wenyewe.

BabuKitasa
Marahaba. Umenena.

MkulimaWaUani
Mzee shikamoo, nimeelewa. Je, kile cha namba za kubonyeza? Kinanivutia kwa sababu wapangaji watapoteza funguo, nawajua.

BabuKitasa
Marahaba mwanangu. Kile kisichotumia betri ni kizuri kwa nyumba ya watu wengi. Namba unazibadilisha mpangaji akihama, hakuna ufunguo wa kudaiana. Jua mambo mawili tu. Vingi havijali mpangilio, 2-5-8 na 8-5-2 ni kitu kimoja, kwa hiyo michanganyiko ni michache kuliko unavyodhani. Na vitufe vinavyobonyezwa kila siku vinang'aa kuliko vingine. Mtu mwenye macho anasoma namba zako bila kuuliza. Badilisha kila baada ya muda, na uvibonyeze vyote unapovisafisha.

SautiYaNyali
Kile cha betri je, chenye vitufe vya mwanga?

UmemeMdogo
Kama ni cha nje tafuta kilichoandikwa IP65 kwenda juu. Ile 6 ni kwamba vumbi haliingii kabisa, ile 5 ni kwamba kinavumilia maji ya kurushwa kwa bomba. Kisicho na namba hiyo ni cha chumbani, masika moja tu.

JuaKaliDodoma
Grisi jamani. Kitasa chochote jaza grisi ndani, kinadumu.

BabuKitasa
Grisi kwenye ulimi, sawa, kidogo. Ndani ya silinda hapana. Vumbi la Dodoma hilo likikutana na grisi linakuwa tope, pini zinakwama. Chukua penseli ya kawaida, sugua risasi yake kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Unga ule mweusi ni grafiti, unalainisha bila kunasa vumbi.

JuaKaliDodoma
Kumbe ndiyo maana cha kwangu kinataka nyundo.

NeemaWaChanika
Samahani, na mimi niulize hapo hapo. Bustani yetu ina shimo la maji ya kumwagilia, kama mita moja na nusu kwenda chini, na nina mtoto wa miaka mitatu. Nataka geti ambalo yeye hawezi kulifungua. Kitasa hicho hicho kinafaa?

FundiChuma
Dada, kwako urefu wa kishikio ni muhimu kuliko kitasa. Australia, kwa mabwawa ya kuogelea ya majumbani, kanuni zao zinataka geti lijirudi na kujifunga lenyewe kutoka popote lilipoachwa, lifunguke kwenda nje, na pa kufungulia pawe sentimita 150 kutoka chini, mtoto asifikie. Kufunguka kwenda nje maana yake mtoto akilisukuma, analizidisha kufunga. Fanya hivyo hivyo. Usiache nondo za kulala anazoweza kupanda kama ngazi, wala ndoo au tofali karibu na geti. Na shimo lenyewe lifunike kwa wavu wa nondo leo, usisubiri geti.

NeemaWaChanika
Asante sana kaka. Kesho namwita fundi wa wavu kwanza.

FundiChuma
Nirudi kwa mwenye uzi. Juu ya geti lako ni nondo, maana yake mtu anapitisha mkono na kuzungusha kishikio cha ndani. Zungushia shiti, sentimita 30 kila upande wa kitasa, mkono usifike. Ule mwanya kati ya geti na nguzo uzibe kwa flati ba, kile chuma bapa, iliyochomelewa upande wa nje, hapo kisu cha Babu hakipiti. Mwanya wenyewe uwe milimita 3 hadi 5. Ukizidi, ulimi unashika kwa ncha tu.

Jambo lingine: paipu yako ni ya inchi moja na nusu, karibu milimita 40. Vitasa vingi vya mbao, kutoka ukingoni hadi katikati ya tundu la ufunguo ni milimita 50 au 60. Haviingii humo. Ama utafute chembamba cha mageti ya chuma, ama nikuchomelee boksi la kukikalisha. Nenda dukani na rula.

*(Wiki tano baadaye)*

MkulimaWaUani
Wakuu nimerudi na mrejesho, nisije nikaitwa mwizi wa ushauri.

Nilianza na bawaba kama alivyosema FundiChuma. Fundi wa hapa mtaani alizikata zote mbili, akapima, akakuta nguzo yenyewe imelala kuelekea uani, ndiyo maana geti lilikuwa linafunguka. Nguzo haikunyooshwa, ilikuwa inadai zege jipya. Tumechomelea bawaba upya tukazilaza kwa upande wa kufunga, na juu yake nikaongeza springi ndefu. Siku ya kwanza springi ilikuwa na nguvu mno. Geti lilibamiza, mtoto wa mpangaji nusura abanwe vidole, na mama mmoja akaniuliza kama nimefungua karakana. Tumeilegeza pingili mbili, na kwenye nguzo nimegundisha kipande cha kandambili ya zamani. Sasa linagonga kwa adabu.

Kitasa nimechukua cha kubandika, cha ufunguo, chenye kile kijiti cha Babu. Nilikibonyeza dukani mbele ya muuzaji, akashangaa, hakuwa anajua ni cha nini! Cha namba nilikiacha kwa sababu ya bei na chumvi. Ndani kuna kishikio cha kuzungusha tu, na kitufe cha kuuzuia ulimi ubaki ndani siku tukiingiza mbolea kwa toroli. Funguo tano nimechongesha: tatu za kaya, mmoja kwa shemeji yangu mtaa wa pili, mmoja kwangu kazini. MamaPacha nimekusikia.

Redoksidi, ile rangi ya kuzuia kutu, nimepaka mara mbili kila palipochomelewa kabla ya rangi.

Lililobaki ni watoto. Wamegundua wakiweka tofali geti halifungi, wanapita na mpira wanavyotaka. Nimeliondoa tofali, wakaleta jiwe. Mbuzi wameingia mara moja tangu hapo, wawili tu, wamekula matembele.

MpitaNjia
Mchome hata mmoja, balozi hatahesabu.

FundiChuma
Watoto wape ufunguo wao, uning'inize shingoni mwa mkubwa wao. Wanaweka jiwe kwa sababu kurudi ndani wanakuwa hawana njia.

MkulimaWaUani
Hilo sikuliwaza kabisa. Kesho nachonga wa sita.

MamaPacha
Kaka hongera. Nipo na fundi hapa Tegeta sasa hivi ameshashika grenda. Boksi la kitasa mlichomelea saizi gani, na kutoka chini mmeliweka wapi?

MkulimaWaUani
Sentimita 15 kwa 12, shiti ya milimita 3. Katikati ya tundu la ufunguo ni sentimita 105 kutoka chini. Mwambie asikate nguzo kwanza. Alining'inize geti, springi ikiwa imeshafungwa, apake chaki kwenye ulimi, aliachie lijigonge lenyewe mara tatu nne. Akate palipochafuka chaki.